UZI: Cheti cha kihami joto kinahusu kipande kilichopimwa. Je, unachouza leo ndicho hicho?

MtuWaUbora (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye viwanda vya vihami joto vya majengo: mabamba ya povu, sufi ya mawe na ya kioo, selulosi ya kupuliza, nyuzi za mbao na jamaa zake. Ni wa wanaoshughulika na ubora, maabara na mauzo humo ndani pia.

Nimekuwa upande wa ubora kwa muda mrefu na kuna jambo linanisumbua kila ninapolikuta. Mtu ana cheti kizuri, kina mihuri, kimetundikwa mapokezi. Ukimwomba akuonyeshe namna cheti kile kinavyofungamana na bamba linalotoka kwenye mashine leo, hana la kuonyesha. Hajui mchanganyiko uliopelekwa maabara ulikuwa upi, hajui unene wake, na msambazaji wa malighafi ameshabadilika tangu siku hiyo.

Kilichopimwa maabara ni kipande chenye unene fulani na uzito fulani, kilichotoka kwenye mchanganyiko fulani. Jina la bidhaa halikupimwa. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutimiza kanuni ni kulinda kamba inayounganisha kipande kile na shehena ya leo. Ikikatika, hata kama kila karatasi ni halali, unauza kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Niweke mfano mzito kwanza ili tusidhani tunazungumzia makaratasi tu. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakapoteza maisha. Chanzo kikuu cha moto kuenea kilikuwa mabamba ya nje yenye moyo wa polietilini, lakini vihami vilivyokuwa nyuma yake navyo viliungua. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi ilitoka Septemba 2024 na ikasema waziwazi kwamba watengenezaji hawakuwa waaminifu, tena kwa mpangilio.

Mambo mawili ndani ya ripoti ile yanatugusa moja kwa moja. Kihami cha RS5000 cha Celotex kilifaulu jaribio la ukuta mzima mwaka 2014, lakini ndani ya ukuta ule wa majaribio yaliwekwa mabamba ya oksidi ya magnesiamu, ambayo hayaungui, na mteja hakuambiwa. K15, kihami cha kampuni ya Kingspan, iliendelea kuuzwa kwa majengo marefu kwa kuegemea jaribio la 2005, ilhali bidhaa yenyewe ilibadilishwa mwaka 2006. Jaribio lilibaki lilelile, jina likabaki lilelile, kitu ndani kikawa kingine. Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu kulifikia hakuhitaji njama. Inatosha mtu wa ununuzi kubadilisha malighafi na asimwambie mtu wa ubora.

---

PovuJeupe

Mkuu, asante kwa kuanzisha. Sisi ni kiwanda kidogo cha povu la polistirini. Maabara yetu ni mizani, rula na mashine moja ya kukandamiza. Tukisikia "udhibiti wa uzalishaji kiwandani" tunaona kama ni habari ya wakubwa. Tuanzie wapi?

---

MtuWaUbora

Mizani na rula ni mwanzo mzuri kuliko unavyodhani, mkuu.

Kwenye polistirini ya kuumuliwa, uzito kwa ujazo unakuambia mengi sana. Povu likiwa jepesi mno, joto hupita kwa urahisi zaidi na bamba hukandamizika upesi. Kwa hiyo ukipima uzito wa kila bloku baada ya kutulia, ukaandika na namba ya mfuko wa shanga (punje za polistirini zinazoumuliwa kuwa povu) ulioutumia, tayari umeanza kuishika ile kamba. Viwango vya Ulaya vinaruhusu kutumia kipimo cha mkato kama hicho kati ya vipimo kamili, ila kwa sharti moja: uwe umeshathibitisha kwa takwimu zako mwenyewe kwamba uzito na upitishaji joto vya povu lako vinakwenda pamoja. Takwimu za jirani hazikusaidii, maana shanga zake na mvuke wake ni tofauti.

Anzia getini. Malighafi ikiingia, namba ya bechi iandikwe kabla haijamwagwa kwenye tangi. Kisha andika mipangilio ya mashine ya siku hiyo, muda shanga zilizokaa kwenye maghala kabla ya kufinyangwa, na muda bloku zilizokaa kabla ya kukatwa. Wengi huruka hili la mwisho wakati oda zimebana. Bloku mbichi bado ina unyevu na pentani, na vipimo vyake vitabadilika likiwa tayari mikononi mwa mteja.

Kingine: kifaa cha kupima unene kina cheti chake cha urekebishaji? Mkaguzi yeyote makini atauliza hilo mapema, na ana haki. Kama rula haijulikani ukweli wake, daftari lote linalotokana nayo linayumba.

---

MuuzajiVihami

Mimi niko upande wa mauzo na naomba ufafanuzi. Kwenye tangazo tunaandika thamani ya lambda ambayo maabara ilitupa. Kuna ubaya gani? Ni namba halali ya maabara.

---

MtuWaUbora

Hapa naomba nichukue nafasi kidogo, maana ndipo viwanda vingi vinapojikwaa bila kukusudia.

Lambda ni kiasi cha joto kinachopita kwenye nyenzo. Ikiwa ndogo, kihami ni bora. Thamani ya R, yaani kiasi bamba linavyozuia joto, inapatikana kwa kugawa unene kwa lambda. Hadi hapo sote tunajua. Lakini namba ambayo maabara imekupa kwa kipande kimoja si namba unayoruhusiwa kutangaza chini ya mfumo wa Ulaya. Unachotangaza ni lambda ambayo una uhakika wa asilimia 90 kwamba angalau asilimia 90 ya uzalishaji wako itakuwa nayo au itakuwa bora kuliko hiyo. Unahitaji angalau matokeo 10. Unachukua wastani, unaongeza kiasi kinachotokana na jinsi matokeo yanavyotawanyika, kisha unakadiria kwenda juu hadi 0.001 iliyo karibu. R nayo inakadiriwa kwenda chini hadi 0.05 iliyo karibu. Kila mkadirio unampendelea mnunuzi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Chukua bamba la milimita 100. Hesabu yako imefika 0.0358. Utatangaza 0.036, na R yako, ambayo kwa kikokotoo ni 2.79, utaiandika 2.75. Ukiandika 2.80 umevunja kanuni hata kama bamba lako ni zuri.

Sasa tazama linalofuata. Viwanda viwili vina wastani uleule wa 0.034. Kimoja matokeo yake yamekaa pamoja, kingine yanaruka huku na huku. Cha pili kitalazimika kutangaza namba mbaya zaidi, kwa sababu mtawanyiko unaongezwa juu ya wastani. Ndiyo maana huwa nawaambia wakurugenzi kwamba mashine iliyotulia na opereta aliyefunzwa vinaonekana hadi kwenye lebo.

Tena usihamishe namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Ulaya hupima kwa wastani wa nyuzi 10 za Selsiasi. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kuhusu thamani ya R, iliyotolewa mwaka 1979, inataka nyuzi 75 za Farenhaiti, yaani karibu 24 za Selsiasi. Bamba lilelile litatoa namba mbili tofauti na zote ni kweli. Kanuni hiyo ya Marekani inasema pia kwamba wastani wa sampuli za shehena usiwe chini ya R iliyoandikwa, na hakuna kipande kimoja kinachoruhusiwa kupungua kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo, ndugu yangu wa mauzo, ukichukua lambda iliyopimwa kwa nyuzi 10 ukaibandika kwenye lebo ya soko linalopima kwa 24, umetangaza kitu ambacho soko lile halikukipima.

Wenye povu la poliurethani wana mtihani wa ziada: uzee. Gesi iliyo ndani ya vitundu hutoka taratibu na hewa huingia, na uwezo wa kuhami hushuka. Kiwango cha Ulaya kinataka thamani inayotangazwa iwakilishe wastani wa miaka 25 ya matumizi. Kutangaza namba ya bamba lililotoka kiwandani jana ni kumdanganya mtu atakayelala chini ya paa hilo miaka ishirini ijayo.

---

MajaribioYaMoto

Nipo maabara ya moto, naomba niongezee upande wangu kwa sababu nimechoka kuona neno "haiungui" kwenye vipeperushi.

Madaraja ya Ulaya ni A1, A2, B, C, D, E na F. A1 na A2 ndizo zinazopitia tanuri la nyuzi 750 na kipimo cha nishati iliyomo ndani ya nyenzo. Kwa A1 nishati hiyo isizidi megajuli 2 kwa kilo. Kwa A2, megajuli 3. Kuanzia A2 hadi D kuna jaribio la kona: kuta mbili zimekutana, kichomea cha kilowati 30 kinawaka pale chini, na tunapima kwa dakika 20 hivi joto linalotolewa, moshi, na matone yanayowaka. Ndiyo maana daraja lina mkia kama s1 (moshi) na d0 (matone). Daraja E linahitaji mwali mdogo tu wa sekunde 15. Sasa mtu ana bidhaa ya E, amefaulu mwali mdogo, anaandika "imethibitishwa dhidi ya moto". Hilo ni jambo la hatari, nalisema bila kuuma maneno.

La pili ni kwamba matokeo yetu yanahusu kitu kama kilivyoletwa. Ukileta bamba lenye karatasi ya alumini juu, kisha ukauza lisilo na karatasi kwa daraja lilelile, cheti changu hakikuhusu. Gundi ya kubandika karatasi ikibadilika, vivyo hivyo. Pengo la hewa nyuma ya bamba nalo hubadilisha matokeo. Na daraja la bidhaa peke yake halisemi ukuta mzima utafanya nini. Kwa hilo kuna majaribio makubwa ya mfumo, na yanahusu mfumo uleule uliojengwa siku ile, pamoja na kila skrubu na kizuizi chake.

Wa soko la Marekani wana handaki la kupima kasi ya mwali, na kwa povu la plastiki wanataka pia lifunikwe ndani ya jengo kwa kizuizi cha dakika 15, kwa kawaida bodi ya jasi ya nusu inchi. Msitafsiri matokeo ya handaki kuwa daraja la Ulaya. Hakuna jedwali la kubadilishana.

---

MtuWaUbora

Dada, asante sana. Hilo la gundi ya karatasi ya juu naomba kila mtu wa ununuzi alisome mara mbili.

---

MkemiaKiwandani

Wakuu, mmesahau kemikali, na huko ndiko mchanganyiko unakolazimika kubadilika mara nyingi hata kama hutaki.

Povu la polistirini lilitumia kwa miaka mingi kizuia moto kiitwacho HBCD. Mwaka 2013 kiliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaozuia kemikali sumu zisizooza upesi, kukiwa na msamaha wa muda kwa polistirini ya majengo, na Ulaya ikaweka ukomo wa Agosti 2015 kwa asiye na kibali. Viwanda vikahamia kwenye kizuia moto kingine chenye bromini, cha aina ya polima. Sawa, lakini mabamba ya zamani bado yamo kwenye kuta, na siku yanapobomolewa kuna anayetaka kuyasaga na kuyarudisha kwenye mchanganyiko mpya. Ukipokea chakavu cha ubomoaji bila kukipima, umeirudisha HBCD kiwandani kwa mkono wako.

Selulosi ina kisa cha kufundisha zaidi. Ulaya ilipoiweka asidi ya boriki kwenye kundi la kemikali zinazodhuru uzazi, baadhi ya watengenezaji nchini Ufaransa waliiacha na kutumia chumvi za amonia kama kizuia moto. Kwenye unyevu, chumvi zile zilitoa gesi ya amonia ndani ya nyumba na wakazi wakaanza kulalamika. Ufaransa ikachukua hatua mwaka 2013, na kanuni ya Ulaya ya 2016 ikaweka kikomo cha utoaji wa amonia cha sehemu 3 kwa milioni, ikianza kubana Julai 2018. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni swali: kemikali hii mpya itafanya nini ikikutana na unyevu wa dari?

Upande wa gesi za kuumulia povu, tumetoka kwenye CFC, zinazoharibu tabaka la ozoni, kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, tukapita HCFC, na sasa HFC zinapunguzwa kwa marekebisho ya Kigali ya 2016. Asidhani mtu kwamba hakuna anayeangalia. Mwaka 2018 wanasayansi walionyesha kwamba CFC-11 ilikuwa inatolewa upya hewani tangu karibu 2012, ilhali uzalishaji wake ulikuwa umeripotiwa kwisha ifikapo 2010. Walijua kwa kupima hewa, na ushahidi ukaelekeza mashariki mwa China, kwenye povu la kuhami. Mnaonunua polioli (kimiminika cha kutengenezea povu la poliurethani) iliyokwisha kuchanganywa, mtakeni msambazaji awaandikie ni gesi gani imo ndani.

Na kwa wafanyakazi wetu: tangu Agosti 2023, Ulaya inataka kila anayeshughulika kikazi na diisosianati, kemikali ya kutengenezea povu la poliurethani, zaidi ya asilimia 0.1 awe amepata mafunzo kwanza. Pumu ya isosianati haina huruma. Ukishapata mzio wake, hata kiasi kidogo sana kinakubana kifua.

---

PovuJeupe

Wakuu, haya yote ni kweli lakini gharama! Kiwanda kidogo kitalipa maabara ya joto, ya moto, ya kemikali, na mkaguzi kila mwaka? Tutafunga.

---

MtuWaUbora

Swali la haki kabisa, mkuu. Sina nia ya kumtisha mtu mwenye wafanyakazi wa kuwalipa.

Kwanza, si kila bidhaa inahitaji mkaguzi wa nje wa kudumu. Mfumo wa Ulaya una ngazi. Kama bidhaa yako inadai daraja la moto kati ya A1 na C, na daraja hilo linatokana na hatua fulani kiwandani, mfano kuongeza kizuia moto, basi unaingia ngazi ya 1: taasisi iliyoidhinishwa inakuja kiwandani, inatoa cheti, na inaendelea kukagua. Ngazi ya 3 ni nyepesi zaidi: maabara iliyoidhinishwa inapima aina ya bidhaa, na udhibiti wa kila siku unabaki kuwa wako. Polistirini ya daraja E kwa kawaida huangukia hapo. Soma ngazi yako kabla ya kulipa mtu.

Pili, kusanya bidhaa kwa familia. Bidhaa zinazotoka kwenye mchanganyiko mmoja na njia moja ya uzalishaji zinaweza kuwakilishwa na zile zenye hali mbaya zaidi, mradi uweze kueleza kwa nini ulichagua hizo. Kiwanda kinachopima kila unene ulio kwenye orodha kinaweza kuwa kinatupa fedha. Kile kinachopima unene mmoja wa katikati na kuufanya uwakilishe wote kinajiweka kwenye hatari.

Tatu, tangaza unachohitaji tu. Bamba la dari halihitaji kutangaziwa nguvu ya kubeba sakafu. Kila namba unayoiandika kwenye Tamko la Utendaji, yaani hati ambamo mtengenezaji hutangaza utendaji wa bidhaa yake, unaitetea kila siku, na hati zake unatakiwa kuzitunza miaka 10.

Unapotaka kubana, usibane kwenye daftari la mabadiliko. Hilo ni bei ya kalamu. Msambazaji mpya wa shanga, kizuia moto kipya, gesi mpya, kasi mpya ya mashine, karatasi mpya ya juu: kila kimoja kiandikwe, na mtu mmoja mwenye jina na mamlaka aandike pembeni yake kama vipimo vya zamani bado vinasimama, na kwa sababu gani. Mtu huyo awe na uwezo wa kusimamisha mauzo. Bila mamlaka hayo, sahihi yake haimlindi mtu.

---

MuuzajiVihami

Na sisi ambao hatutengenezi? Tunanunua mabamba, tunabandika nembo yetu, tunauza.

---

MtuWaUbora

Kwa kanuni ya Ulaya namba 305 ya 2011, anayeuza kwa jina au nembo yake anahesabiwa kuwa mtengenezaji, na majukumu yote yanamhusu. Huwezi kumwelekeza mkaguzi kwa kiwanda cha mbali. Vivyo hivyo ukiibadilisha bidhaa kiasi cha kugusa utendaji uliotangazwa. Kwa hiyo mkataba wako na kiwanda uwe na kipengele kwamba hakuna mabadiliko ya mchanganyiko bila taarifa ya maandishi, na uwe na haki ya kuona matokeo ya vipimo vya bechi unazopokea.

Kanuni mpya, namba 3110 ya 2024, imeanza kutumika kwa sehemu kubwa Januari 2026, na inachukua nafasi ya ile ya zamani hatua kwa hatua kadiri viwango vya kila kundi la bidhaa vinavyopitiwa. Inaleta takwimu za mazingira ndani ya tamko lenyewe, kuanzia athari kwa joto la dunia, na inafungua njia ya pasipoti ya kidijitali ya bidhaa. Anayetunza rekodi za bechi kwa mkono leo aanze kufikiria kuziweka kwenye mfumo unaoweza kutafutwa.

---

PovuJeupe

La mwisho kutoka kwangu, mkuu. Ikitokea tumegundua bechi mbovu na tayari imeshaondoka?

---

MtuWaUbora

Simamisha kwanza kilichobaki ghalani, kitenge, kiwekee alama mtu asikichukue usiku. Kisha rudi kwenye daftari: bechi ile ilitumia mfuko upi wa shanga, na mfuko huo uliingia kwenye bechi gani nyingine? Mara nyingi tatizo ni pana kuliko lilivyoonekana mwanzoni.

Pima sampuli ya akiba. Ndiyo, weka kipande cha kila bechi kwenye chumba kikavu, mbali na jua, chenye namba yake. Kinachukua nafasi ndogo, na mahali ambapo hakuna ni vigumu kujua kama kosa lilitoka kiwandani au lilitokea kwenye usafirishaji.

Kama kilichopungua ni utendaji uliotangazwa, wajulishe wateja kwa maandishi, namba za bechi zikiwa wazi, na uwajulishe wasimamizi wa soko pale sheria inapodai, hasa kama ni suala la moto. Usisubiri uwe na maelezo kamili ya chanzo ndipo useme. Mjenzi anaweza kuwa anafunga ukuta wiki hii, na ukishafungwa, kulitoa bamba lile ni kubomoa.

Weka hapa aina ya shanga na uzito unaolenga kwa kila mita ya ujazo, mkuu, nikuandikie mfano wa ukurasa wa daftari unaoweza kuanza nao kesho.